TUMEMTIBU MTOTO, TUMEWASAHAU MBWA NA NGURUWE

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika habari ya minyoo, viroboto na vimelea vinginevyo vinavyoishi kwa kunyonya damu na chakula cha viumbe wengine, msemo huo si fumbo tena. Ni maelezo ya hali ilivyo. Adui tunayemzungumzia hakuvuka mpaka usiku. Yumo uani kwetu: katika utumbo wa mbwa anayelinda nyumba, ndani ya nyama ya nguruwe anayezurura kijijini, katika mchanga wanamochezea watoto, na mara nyingi yumo matumboni mwetu sisi wenyewe.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961 ilijitangazia maadui watatu wakubwa: ujinga, maradhi na umaskini. Ni vigumu kupata mfano unaowaunganisha maadui hao watatu kuliko vimelea hivi. Huenea kwa sababu ya ujinga, huleta maradhi, na mwisho wake ni umaskini wa mtu binafsi na wa Taifa. Kwa hiyo habari ya kumpa mbwa dawa ya minyoo, ambayo baadhi yetu huiona kuwa ni anasa ya watu wenye nafasi, yastahili kujadiliwa kwa uzito ule ule tunaojadilia pembejeo, barabara na madarasa.

Kila mwaka hufika siku ambayo watoto wa shule za msingi hupangwa mstari na kumezeshwa kingatiba ya minyoo. Walimu ndio wanaoibeba kazi hiyo. Wao ndio wanaowapima watoto urefu kwa ufito uliotiwa alama ili wajue kila mmoja anastahili vidonge vingapi vya kichocho. Wao ndio wanaohakikisha kwamba mtoto amekula kabla ya kumeza. Na wao ndio wanaowajibu wazazi wenye shaka. Kazi hiyo ni njema na imewaokoa wengi. Haifai kubezwa hata kidogo. Lakini baada ya kumeza dawa, mtoto yule hurudi nyumbani. Huko anakuta ua ule ule, mbwa yule yule, nguruwe wale wale, na pengine choo ambacho hakijachimbwa. Miezi michache baadaye minyoo imo tumboni mwake tena, nasi twangoja mwaka mwingine ili tumpange mstari upya.

Hoja ya makala haya ni nyepesi. Kumtibu mtu peke yake, bila ya kumtibu mnyama anayeishi naye na bila ya kuusafisha ua wanaouchangia, ni kuteka maji kwa pakacha.

SI MINYOO YOTE HUTOKA KWA MNYAMA

Kabla ya kuendelea yafaa tuweke mambo sawa, asije mtu akatoka hapa na rungu akamwendea mbwa wa jirani. Minyoo haifanani. Ipo ile ambayo ni ya binadamu hasa, kama vile mchango na minyoo ya safura. Mchango mmoja jike aweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja, nayo huweza kukaa udongoni muda mrefu yakimngoja wa kuyameza. Minyoo ya safura haingoji kumezwa. Viluwiluwi vyake hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, vikasafiri katika damu hadi mapafuni, kisha vikameza njia hadi utumboni, ambako hukua na kunyonya damu. Mama mjamzito mwenye minyoo hiyo hupungukiwa damu, na mtoto wa shule husinzia darasani akadhaniwa ni mvivu. Dawa ya minyoo ya namna hii ni kidonge, choo na viatu. Mbwa hana hatia hapo.

Lakini iko minyoo mingine ambayo maisha yake hayakamiliki bila ya mnyama, au ambayo makao yake ya kweli ni mnyama naye binadamu huipata kwa bahati mbaya. Hii ndiyo tuliyoisahau, na kidonge kimoja cha shuleni hakiwezi kuimaliza. Tuanze na ile inayotudhuru zaidi.

TEGU NA KIFAFA

Tegu wa nguruwe ni mnyoo bapa, mrefu wa mita kadhaa, anayeishi katika utumbo wa binadamu. Mtu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vema, yenye vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele. Akisha kukua, tegu hukata vipande vilivyojaa mayai, navyo hutoka pamoja na choo kikubwa. Mtu huyo akijisaidia porini au nyuma ya nyumba, nguruwe anayezurura hukila kinyesi hicho, mayai huanguliwa, na viluwiluwi huenda kujifanya vijifuko katika nyama yake. Nguruwe huchinjwa, huliwa, na duara huanza upya. Hadi hapo wengi wetu twaweza kusema: basi na wakome wanaokula nyama hiyo bila ya kuipika vema.

Laiti jambo lingeishia hapo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba binadamu naye aweza kuyameza mayai yale, kama ayamezavyo nguruwe. Huyapata kwa mkono usionawa wa mpishi mwenye tegu, kwa mboga isiyooshwa, au kwa maji yaliyochafuliwa. Hapo vijifuko hujengeka katika misuli yake, machoni mwake, na mara nyingine ndani ya ubongo. Vikiwa ubongoni huweza kuleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi ambako tegu huyu amekita mizizi, takribani asilimia 30 ya kifafa husababishwa na vijifuko hivi.

Maana yake ni kwamba hata mtu ambaye hajaonja nyama ya nguruwe maishani mwake hayuko salama. Ushahidi wake uko wazi. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 4 wa mji wa New York, Wayahudi washika dini wasiokula nguruwe kabisa, waliokutwa na vijifuko hivyo ubongoni. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa ni watumishi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu ni wa kawaida, walioambukizwa bila ya kujijua. Kwa hiyo Mwislamu wa pwani na Mkristo wa nyanda za juu wana haja moja katika suala hili. Choo cha jirani ni afya yako.

Nchini mwetu jambo hili si la kubuni. Nguruwe wenye vijifuko wamekutwa Mbulu, Mbozi, Mbeya Vijijini na Kongwa. Katika hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, uchunguzi wa wagonjwa wa kifafa ulithibitisha kwamba baadhi yao wana vijifuko hivyo vichwani. Lakini ni mara ngapi mtoto anapoanguka darasani tunakumbuka tegu? Mara nyingi husemwa amerogwa, au amepandwa na pepo. Wenzake hukatazwa kumgusa kwa imani kwamba povu la kinywa chake huambukiza. Mzazi humwondoa shule kwa haya. Akiwa nyumbani huangukia motoni au mtoni, na kovu la moto huwa ushahidi mwingine kwa jirani kwamba nyumba ile ina laana. Ukweli ni kwamba kifafa hakiambukizwi kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa. Dawa za kukituliza, kama vile fenobabito, ni za miaka mingi na bei yake si kubwa. Mtoto anayezipata na kuzimeza bila ya kukatiza anaweza kusoma, kulima na kuoa kama wenzake.

Hapa mwalimu ana dhamana ambayo hakuna daktari awezaye kuichukua kwa niaba yake. Yeye ndiye shahidi wa kwanza. Akimlaza mtoto ubavu, akamwondolea vitu vya kumdhuru, akawatuliza wenzake kwa maneno ya ukweli, kisha akamwandikia mzazi barua ya kwenda zahanati, amemwokoa mtoto asiondolewe shule. Akinyamaza, uvumi utafundisha badala yake.

MBWA, RAFIKI ASIYETUNZWA

Mbwa naye ana tegu wake, mdogo sana, wa urefu wa milimita chache tu. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu yenye uvimbe wa maji ya kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia waliochinjwa. Mayai hutoka katika kinyesi cha mbwa, hushika katika manyoya yake, hufika mikononi mwa mtoto na kisha kinywani. Ndani ya mwili wa binadamu hujenga uvimbe uliojaa maji, aghalabu katika ini au mapafu, ambao hukua polepole kwa miaka mingi pasipo mwenyewe kujua, mpaka tumbo linapovimba. Tiba yake huwa ya muda mrefu, na mara nyingi ni ya kisu. Watu wa Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, wamejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa waliosumbuliwa zaidi na ugonjwa huu duniani, na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania nao wanaujua.

Uko pia mchango wa mbwa. Mama wa mbwa huwaambukiza watoto wake wangali tumboni, hata mbwa mchanga huzaliwa akiwa nao tayari. Kwa hiyo yule mbwa mdogo mwenye tumbo la duara ambaye watoto hupenda kumbeba ndiye hasa mwenye mayai mengi. Mayai hayo hukomaa udongoni kwa wiki kadhaa. Mtoto akiyameza, viluwiluwi hutangatanga katika ini, mapafu, na mara nyingine huingia jichoni vikaharibu uoni. Minyoo ya safura ya mbwa, kwa upande wake, hutoboa ngozi ya mtu na kutambaa chini yake, ikiacha mistari myekundu inayowasha usiku kucha. Na kiroboto, ambaye twamchukulia kuwa ni kero tu, hubeba tegu mwingine wa mbwa na paka, ambaye mtoto humpata kwa kummeza kiroboto huyo bila ya kutambua.

Paka naye amesingiziwa mengi, na yafaa tumtendee haki. Ni kweli kwamba kinyesi cha paka chaweza kuwa na kimelea kinachodhuru mimba. Lakini paka hukitoa kwa muda mfupi, aghalabu wiki chache baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kimelea hicho huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wake kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mama mjamzito hana haja ya kumfukuza paka anayewinda panya wa ghalani. Yatosha mtu mwingine aondoe kinyesi kila siku, mboga zioshwe, mikono inawe baada ya kazi ya bustani, na nyama ipikwe hadi iive, kwa maana nyama mbichi nayo hubeba kimelea hicho hicho.

Tusimsahau funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyu si mwenyeji wa bara letu. Mwaka 1872 aliletwa Angola na jahazi la Kiingereza lililotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha vuka bara zima, kwa misafara ya wapagazi na askari, hadi pwani ya Mashariki. Tunamfikiria kuwa ni mdudu wa watu wachafu, tukawacheka wanaoumwa. Lakini wataalamu waliofanya uchunguzi Bugiri, mashariki mwa Uganda, waliwakuta nguruwe kuwa ndio hifadhi yake kuu, na mbwa pia humbeba. Unaweza kumchokoa mtoto funza kila Jumamosi. Maadamu nguruwe analala sebuleni kwa ukuta na mtoto analala kwenye sakafu ya vumbi, Jumamosi ijayo utamchokoa tena. Na kuwachokoa watoto wote kwa pini moja ni kuwapitishia maradhi mengine ya damu yaliyo mabaya kuliko funza mwenyewe.

SOMO LA ICELAND

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri. Hao tuwaeleze habari za Iceland. Katika karne ya 19 kisiwa kile cha Kaskazini kilikuwa nchi maskini ya wafugaji wa kondoo na wavuvi, na uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa uliwatesa kuliko pengine taifa lolote. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark aitwaye Harald Krabbe alikwenda huko, akapasua mbwa 100, akawakuta 28 wana tegu huyo. Mwaka uliofuata kijitabu chake chenye maelezo mepesi kiligawiwa bure majumbani. Mwaka 1869 ilitungwa sheria ya kupunguza idadi ya mbwa, na mwaka 1890 sheria nyingine ikalazimisha mbwa wapewe dawa na viungo vyenye uvimbe viharibiwe ili mbwa wasivipate.

Wakati huo hapakuwa na dawa hizi za leo. Silaha zao zilikuwa tatu: watu waliojua kusoma, kijitabu kilichoandikwa kwa lugha yao, na sheria iliyofuatwa. Kwa silaha hizo ugonjwa ulipungua kizazi hadi kizazi mpaka ukatoweka katika karne ya 20. Mtu akisoma habari hizi hawezi tena kusema kwamba kinachotukwamisha ni fedha peke yake.

Na sisi wenyewe tunayo historia ya kujivunia. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Walimu walikuwa nguzo ya kazi hiyo. Katika miaka ya karibuni kampeni ya Nyumba ni Choo imeirudia njia hiyo hiyo. Tunajua, basi, namna ya kuliamsha Taifa. Tulichokuwa hatujafanya ni kumtaja mnyama katika wimbo huo wa afya.

OFISI MBILI, MNYOO MMOJA

Mnyoo hauheshimu mipaka ya wizara. Hutoka kwa nguruwe, ambaye ni wa idara ya mifugo, huingia kwa mtu, ambaye ni wa idara ya afya, hupitia chooni, ambako ni kwa afisa afya, na huonekana kwanza darasani, ambako ni kwa mwalimu. Sisi watumishi tumegawana mwili wa mnyoo vipande vinne, kila mmoja akaweka kipande chake katika jalada lake, na mnyoo wenyewe ukaendelea kuishi mzima.

Serikali imeliona tatizo hili. Mwaka 2018 lilizinduliwa Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ili kuwaunganisha wataalamu wa binadamu, wa wanyama na wa mazingira. Hiyo ni hatua ya busara. Hata hivyo, mwaka 2017 yalipochaguliwa magonjwa ya kipaumbele yanayotoka kwa wanyama, yalitajwa kichaa cha mbwa, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, mafua ya ndege, malale na ugonjwa wa kutupa mimba. Tegu wa nguruwe hakuwamo. Hatupingi hata moja kati ya yale yaliyochaguliwa. Yote ni ya kutisha. Lakini tunaomba itambuliwe kwamba yako maradhi yanayoua kwa kelele na yako yanayoharibu kwa kimya. Mtoto aliyeacha shule kwa kifafa hatangazwi katika taarifa ya habari.

Wala sayansi ya binadamu na sayansi ya wanyama si watu wa kabila mbili. Dawa ya ivermektini iligunduliwa na Satoshi Omura wa Japani pamoja na William Campbell, nao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ilianza kuuzwa mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo. Baadaye ikaonekana inafaa kwa binadamu, na tangu mwaka 1987 imegawiwa bure kwa mamilioni ya watu wenye usubi, wakiwamo wananchi wa Mahenge mkoani Morogoro. Dawa ya ng'ombe imeokoa macho ya watu. Kwa nini basi afisa mifugo na mganga wa zahanati wapitane njiani kama wageni?

YA KUFANYA

Kwanza ni nyumbani kwa kila mmoja wetu, kwani watumishi na walimu wengi ndio wenye mbwa wa ulinzi na miradi midogo ya nguruwe. Mbwa mchanga apewe dawa ya minyoo kuanzia umri wa wiki 2, na irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 8. Mbwa mkubwa apewe kila miezi 3, kwa ushauri wa afisa mifugo na kwa kipimo cha uzito wake. Dawa ya mnyama asipewe mtu, wala ya mtu asipewe mnyama kwa kukisia. Kinyesi kizikwe kila siku. Nguruwe ajengewe banda lenye sakafu, alishwe humo, asizurure. Anayefuga nguruwe huria na kuuza nyama bila ya kukaguliwa anauza kifafa kwa kilo.

Pili ni machinjioni. Viungo vyenye uvimbe au punje vitupwe katika shimo refu lenye mfuniko au vichomwe, na mbwa wasikaribie. Nguruwe achinjwe mahali anapoweza kukaguliwa. Katika mabaa na vibanda vya kitimoto, nyama ikatwe vipande vidogo na iive mpaka ndani. Mlaji ana haki ya kuikataa ile yenye wekundu katikati.

Tatu ni kata. Zoezi la kuwachanja mbwa dhidi ya kichaa huwakusanya wanyama mahali pamoja. Papo hapo wapewe dawa ya tegu. Jaribio la kuunganisha chanjo ya mbwa na kingatiba ya minyoo kwa watu limekwisha fanywa katika vijiji vya wafugaji kaskazini mwa nchi yetu, nalo linawezekana. Kwa nguruwe, dawa ya oksfendazoli huua vijifuko vilivyo katika nyama, na chanjo dhidi ya tegu sasa ipo. Tena wataalamu wa afya lazima wajue kwamba dawa ya kichocho yaweza kumletea degedege mtu mwenye vijifuko ubongoni; kwa hiyo katika wilaya zenye tegu, ramani ya nguruwe na ramani ya kingatiba sharti zitandazwe juu ya meza moja.

Nne ni fedha. Vidonge vingi vya kingatiba ni msaada wa kampuni na mashirika ya nje. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, na kazi ya magonjwa haya yasiyopewa kipaumbele ikawa miongoni mwa zilizoguswa. Hapo ndipo tunapokumbushwa maana ya kujitegemea. Kila halmashauri iwe na fungu lake, hata likiwa dogo, kwa kazi hii.

Hatuna budi kuwajibu wenye hoja mbili. Wa kwanza husema: mtu asiyekuwa na fedha ya daftari la mwanawe atapata wapi ya dawa ya mbwa? Hoja hiyo ni ya haki, na ndiyo maana twasema dawa ya mbwa wa kijijini iwe huduma ya umma kama ilivyo chanjo ya kichaa. Lakini shimo la kuzika maini, choo, banda la miti na maji ya kunawa hugharimu jasho zaidi kuliko fedha. Wa pili husema: tuwaue mbwa wote. Huyo asahau. Mbwa wakiuawa, nafasi yao hujazwa na watoto wa mbwa, nao ndio wenye minyoo mingi zaidi. Na mchungaji asiye na mbwa hulipa kwa mbuzi wake. Kumtunza mbwa mmoja aliyechanjwa na kupewa dawa ni ulinzi bora kuliko kuwaua kumi.

Wala tusidanganyane kwamba hotuba peke yake itatosha. Huko Mbulu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walijaribu kutoa elimu ya afya vijijini, na maambukizo ya nguruwe yalipungua. Lakini mazoea ya kujenga vyoo na mabanda yalibadilika kwa shida. Elimu bila ya sheria ndogo, bila ya ukaguzi na bila ya dawa ni nusu ya kazi. Sheria bila ya elimu nayo huzaa rushwa na uchinjaji wa gizani.

Katika muhula huu, basi, mwalimu mkuu na amwalike afisa mifugo wa kata siku ile ile ya kingatiba, naye asimame mbele ya wanafunzi awaeleze habari za mbwa na nguruwe wa nyumbani kwao. Mtendaji wa kata na aulize katika kikao chake maswali matatu tu: ni nyumba ngapi hazina choo, ni nguruwe wangapi wanazurura, na ni watoto wangapi wameacha shule kwa sababu ya kifafa. Majibu ya maswali hayo yakiandikwa katika ukurasa mmoja, chini ya saini za mwalimu, mganga, afisa afya na afisa mifugo, mnyoo utakuwa umekutana kwa mara ya kwanza na watumishi wa umma wakiwa pamoja.